Kola ya Depper

Obed Kerridge hakumwamini mtu anayetabasamu kabla jua halijatoka, na Walter Garrod alikuwa wa kutabasamu tangu alfajiri. Mambo yote yalianzia hapo, msije mkadanganywa na mtu. Walter aliletwa shambani Ashlow mwezi wa Machi pamoja na farasi wawili wa kijivu kutoka Ufaransa, wale wanaoitwa Percheron, wanene na wapole kupita kiasi. Obed alikuwa mkuu wa farasi wa shamba lile mwaka wa kumi na tisa sasa, na hakuwahi kushika farasi mwingine ila wa Suffolk: wekundu wote, wafupi wa mguu, wapana wa kifua, miguu mitupu isiyo na manyoya, inayotoka kwenye tope la mfinyanzi ikiwa safi wakati farasi wa watu wengine wanarudi nyumbani na nusu ya shamba kwenye vifundo. Farasi wa kijivu! Nani alimwambia Bwana Thurlow, mwenye shamba, kwamba Ashlow kuna upungufu wa farasi wa kijivu?

Kule Suffolk, mkoa wenye Ashlow, mkuu wa farasi ndiye anayetoka kwanza. Farasi wakishakula na kuvishwa, wote husimama bandani kumngoja yeye amtoe wake. Ndipo atoke wa pili, halafu wa tatu. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini thubutu kumtangulia uone kama hutarudi kwenu na jicho jeusi. Kila asubuhi Obed alitoka wa kwanza akiwa na Depper, jike wa miaka tisa aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe siku alipozaliwa, kwenye theluji, mama yake akifa palepale. Alimlea kwa maziwa ya ng'ombe, akimnyonyesha kwa kidole. Keziah, mkewe Obed, alikuwa akiwaambia majirani, "Nikifa mimi atalia wiki moja. Akifa Depper, chimbeni makaburi mawili."

Sasa, mwezi wa Agosti, kilabuni, Walter alikunywa bia yake ya tatu akasema mbele za watu, "Mzee Obed naye atachoka siku moja. Mtu hujiandaa." Watu wakacheka. Obed hakucheka. Kujiandaa vipi? Na nini?

Inabidi mjue kwamba watunza farasi wa kule wana mambo yao. Kuna mafuta ya kumvuta farasi na kuna unga wa kumgandisha, na hamna uchawi wowote ndani yake, ni pua tu. Farasi ananusa kile ambacho wewe hata ukiinamisha uso chini hutakisikia. Pakaa kidogo tu ule uchafu mahali pake, na mnyama wa tani nzima atasimama pale pale, umpige, umbembeleze, hatikisiki. Bwana Thurlow alishasema tangu zamani: atakayekutwa na kitu cha namna hiyo, kazi hana. Na wote walimjibu ndiyo Bwana, na wote waliendelea na mambo yao.

Basi Obed, machale yakamcheza. Septemba akamnasa kicheche kichakani, akamtoa ini, akalikausha, akalisaga na vitu vingine ambavyo sivitaji. Akautia unga ule kwenye kijikopo cha tumbaku, akaziba mfuniko kwa nta ya mshumaa. Si wa kutumia, alijiambia. Wa kujikinga tu. Walter akianza, asimkute mikono mitupu. Akakificha kijikopo ndani ya mfuko wa kizibao chake cha kanisani, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nyumbani ambacho Keziah hakukigusa katikati ya juma.

Mwanzoni mwa Oktoba akaja Jabez Ling, fundi matandiko. Kila mwaka alikuja na begi lake kabla ya msimu wa kulima, akakaa wiki nzima kwenye chumba cha matandiko, jiko la makaa likiwaka, akiosha hatamu kwa sabuni na sponji, akishona mikanda iliyokatika, akipaka mafuta ya kwato za ng'ombe mpaka ngozi ikalainika. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kola, lile duara nene linalokaa shingoni mwa farasi na kubeba uzito wote wa plau. Kola hushindiliwa majani makavu ya shayiri na kuwekwa kitambaa cha sufu ndani, na kila farasi ana yake. Jabez hakupima kwa kamba. Alifumba macho, akapitisha viganja shingoni mwa Depper juu mpaka chini, akarudi kwenye benchi kushindilia.

"Mkeo huyu kanenepa," alisema.

"Kanenepa kwa kazi. Wewe umenenepa kwa nini?"

"Kwa chakula cha mke wangu, jirani. Wewe Keziah anakupa nini, maji ya moto?"

Miaka ishirini walikuwa wakitaniana hivyo. Ila mwaka huu Obed alitania kwa mdomo huku macho yakiwa kazini, kwa sababu Walter Garrod mwezi wa Mei alikuwa amemwoa binti yake Jabez. Mtu na mkwewe! Ijumaa aliwaona pembeni ya tangi la maji, vichwa pamoja, wakicheka chinichini, na Jabez akampa Walter kitu kilichofungwa kwenye karatasi.

"Umepewa nini?" Obed aliuliza baadaye, kama mtu asiyejali.

"Soksi," Walter alisema, akitabasamu. "Mama mkwe kafuma. Tunatarajia mtoto."

Soksi. Mtoto hajazaliwa, ana soksi. Obed aliitikia kwa kichwa na hakuamini hata neno moja.

Jumamosi Jabez alimaliza kola ya Depper, akaitundika kwenye kigingi ukutani, iking'aa. "Siku mbili, jirani," akasema. "Usitundike kitu juu yake. Ngozi iliyopakwa mafuta inafyonza kila harufu iliyo karibu."

"Unaniambia hivyo kila mwaka."

"Na kila mwaka husikii."

Jumapili Obed alitoka kanisani moja kwa moja mpaka chumba cha matandiko. Roho haikutulia. Kola imetundikwa pale, wazi, na Walter ana miguu kama watu wengine. Chumba kilikuwa cha moto. Jiko liliachwa likiwaka ili matandiko yakauke. Jasho likamtoka. Akavua kizibao, na hapo likamjia wazo aliloliona la akili sana: akakitandaza kizibao juu ya kola yote, mfuko ukaangukia upande wa ndani, kisha akang'oa unywele mmoja wa mkia wa Depper akaulaza juu ya kitambaa. Mtu akigusa, unywele utaanguka. Akaenda nyumbani kula nyama ya nguruwe na madonge ya unga, moyo mweupe kabisa. Aliporudi saa kumi kulisha, unywele ulikuwa palepale ulipolala. Akachukua kizibao chake, pua imejaa moshi na mafuta ya ngozi, akafunga banda lote kwa usiku kwa ufunguo anaouvaa shingoni, akaenda kukitundika nyumbani mwenyewe, kama kawaida yake.

Jumatatu asubuhi akamletea Depper kola. Kola nzito huvalishwa juu chini, ipite kichwani, kisha izungushwe. Haikupita. Ilipofika puani Depper alirusha kichwa, akakata kamba, akarudi nyuma mpaka ukuta wa mbao ukalia. Macho yote meupe. Wanaume watatu walimshika na kumvalisha kwa nguvu, wakamtoa mpaka kwenye plau, na hapo akasimama. Alisimama akitetemeka, jasho likimtiririka tumboni kwenye baridi ile, na hata Obed alipomwita kwa jina lake la utotoni hakuinua mguu.

Walimjaribisha kola ya farasi mwingine. Ikamkaba koo akakohoa. Bwana Thurlow alikuwa kasimama getini, mikono mfukoni, akitazama yote.

Jumanne hali ilikuwa ileile. "Kerridge," Bwana Thurlow alisema, "farasi akishaharibika akili hatengenezeki. Alhamisi saa sita mchana anakuja yule mchuuzi anayesafirisha farasi ng'ambo. Akiwa amevuta kabla ya hapo, vizuri. Asipovuta, anaondoka naye."

Kila mtu pale alijua farasi wa mchuuzi yule wanakwenda kufanya nini ng'ambo. Wanaliwa.

Damu ilimchemka Obed. "Bwana, farasi huyu hana wazimu. Amegandishwa! Na aliyefanya hivyo yuko hapa." Akageuka. Jabez alikuwa mlangoni mwa chumba cha matandiko, sindano bado mkononi. "Jumapili nilifunika kola, nikaweka alama juu yake. Alama haikusogea. Hakuna aliyeigusa baada yako, Jabez. Basi nani? Niambie mbele ya watu, nani, kama si wewe? Unataka mkweo atoke bandani kwanza!"

Walter alirukia mbele ngumi zimekunjwa, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitabasamu, lakini Jabez alimzuia kwa mkono.

"Obed," Jabez alisema. "Nimeshika shingo ya farasi yule tangu akiwa na miaka miwili. Unaniambia mimi nimemtilia uchafu?"

"Alama haikusogea."

"Haya." Jabez hakubisha zaidi. Na hilo nalo Obed alilihesabu kuwa ushahidi. Mtu msafi si angepiga kelele? Bwana Thurlow, ambaye hakupenda kelele wala siri, alimwambia Jabez akusanye vitu vyake na asirudi tena Ashlow. Jabez akafuta sindano zake moja moja, akafunga begi, akatoka kwa mguu. Hadi jioni habari ilikuwa imefika mashamba manne ya jirani, na wawili kati ya wenye mashamba hayo walimtumia ujumbe kwamba mwaka huu hawatamhitaji.

Jumatano Obed aliosha kola kwa maziwa na siki, kama wazee walivyomfundisha. Depper alikuja kwake, akamnusa shavu, akala mkate mkononi mwake. Akaiona kola, akaondoka mpaka pembeni ya banda na kugeuza makalio. Obed alikaa chini kwenye majani akalia, na aliyemwona akaenda zake.

Alhamisi ilikuwa siku ya ibada ya mavuno. Saa moja asubuhi Obed alikuwa akinywa chai iliyokwisha kupoa, anatazama saa ya ukutani, Keziah akaingia chumbani kupiga brashi nguo za kanisani. Akatoka mbio.

"Obed! Kumekufa nini ndani ya kizibao chako?"

Alikishika mbali na mwili, kwa vidole viwili. Upande mmoja wa kizibao ulikuwa na doa la kahawia lenye mafuta, na kutoka mfukoni akaangusha mezani kijikopo cha tumbaku. Nta ilikuwa imeyeyuka yote. Mfuniko ukafunguka wenyewe. Paka aliyekuwa chini ya meza akatoka nje kwa dirishani.

Obed alikitazama kijikopo. Jiko la makaa. Chumba cha moto. Mfuko uliangukia upande wa ndani, kwenye ngozi iliyopakwa mafuta jana yake. Na unywele juu yake haujasogea, kwa nini usogee? Hakuna mtu aliyegusa. Hakuna aliyegusa ila yeye.

"Mungu wangu," alisema. "Keziah, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Akamweleza. Keziah alisikiliza yote akiwa amesimama, brashi mkononi, kisha akasema, "Mzee Jabez aliyetushonea viatu mwaka ule wa njaa."

Nitawaambia lililompitia Obed kichwani, maana yeye mwenyewe alikuja kulikiri. Aliwaza kutupa kizibao motoni. Nani angejua? Lakini kola ilikuwa bado inanuka, maziwa na siki havikufua dafu, na katika wilaya nzima mtu mmoja tu aliyejua kutoa harufu ndani ya ngozi alikuwa yule aliyefukuzwa. Saa sita ilikuwa inakuja. Obed akabeba kola begani, akakikunja kizibao kwapani, akaenda maili mbili karibu akikimbia, mtu wa miaka hamsini na minane.

Jabez alikuwa karakanani kwake, amekaa, hana kazi mikononi. Hakumkaribisha. Obed aliweka kizibao juu ya benchi. Jabez akainama, akanusa, akakichukua kwa koleo na kukitupa nje.

"Ulitundika," alisema.

"Nilitundika."

"Na uchafu huo ni wako."

"Ni wangu. Nilimwekea Walter, akinianza. Jabez, jirani, nina aibu hata—"

"Nyamaza." Jabez alishainuka, kola iko mezani, kisu mkononi. "Mchuuzi anakuja lini?"

"Saa sita."

"Namfanyia Depper, si wewe. Washa jiko. Pasha moto pumba."

Wakafanya kazi pamoja, na kwa masaa matatu hawakutaniana hata mara moja. Jabez alichana kitambaa cha ndani, akatoa majani yote ya shayiri na kuyachoma. Akaisugua ngozi kwa sabuni, akaifunika kwa pumba moto zilizolowekwa siki, akazifuta, akafunika tena, mara nne. Kisha majani mapya, sufu mpya, mishono mikubwa ya haraka ambayo kwa siku nyingine angeona aibu kuitoa mkononi. Kila mara alinusa. Mara ya mwisho akanusa muda mrefu, macho yamefumbwa.

"Twende," alisema.

Mchuuzi alikuwa tayari uani, kamba imening'inia mkononi, anamwangalia Depper miguu na kumpapasa mgongo wa nyuma, pale penye nyama. Wanaume wote wamesimama. Bwana Thurlow alitazama saa yake.

Obed alikaribia na kola. Depper akanyoosha shingo. Akanusa, akapumua kwa nguvu, akanusa tena, na Obed hakuthubutu kuvuta pumzi. Kisha jike yule akaingiza kichwa chake mwenyewe, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka saba. Obed akaizungusha kola, akafunga mikanda. Wakamfunga kwenye gogo la mwaloni lililolala pembeni ya ghala tangu kiangazi. Obed akasema neno lake moja tu. Depper akajiinamisha, akazamisha kwato, na gogo likaondoka.

Watu walipiga kelele. Mchuuzi akaikunja kamba yake. Bwana Thurlow akaja akacheka, akampiga Obed begani. "Kumbe umeweza kuondoa uchafu wa yule Jabez! Hongera, Kerridge. Hongera sana." Kisha akamwona Jabez getini, na cheko likaisha. "Na huyu nani kamruhusu kurudi?"

Jabez alisimama na begi lake, akimtazama Obed. Hakumwomba kwa macho wala hakumtisha. Alikuwa anangoja.

Obed angeweza kunyamaza. Farasi alishapona. Sote tungeelewa, na wengine wetu tungefanya hivyo hivyo.

"Bwana," alisema, "si yeye. Uchafu ulikuwa wangu. Niliutengeneza mimi, nikauficha kwenye kizibao changu, nikakiweka juu ya kola mimi mwenyewe. Jabez hakufanya lolote. Leo ndiye aliyeisafisha. Nilimsingizia mbele yenu wote, na mbele yenu wote nasema ni uongo."

Uso wa Bwana Thurlow ukaiva.

"Unajua nilisema nini kuhusu vitu hivyo."

"Najua, Bwana."

"Ningekufukuza. Ila huyu jike havuti kwa mtu mwingine, na ninamhitaji." Akanyoosha mkono. "Ufunguo wa banda."

Obed akautoa shingoni. Ulikuwa umekaa pale miaka kumi na tisa na kamba yake ilikuwa imeliwa na jasho. Bwana Thurlow akampa Walter Garrod. Kisha akamwambia Jabez amekosewa, arudi kazini, na yeye mwenyewe atawaandikia wale wenye mashamba wengine. Jabez akashukuru kwa kugusa kofia.

Alipopita, Obed akamnyooshea mkono. Jabez aliutazama.

"Siku mbili usitundike kitu juu yake," alisema. "Mwaka kesho nitakuja kuiangalia. Siku nitakayompima shingo, wewe usiwepo." Akaenda zake.

Kesho yake asubuhi farasi walikula, wakavishwa, wakasimama. Walter alifungua mlango mkubwa, na, tumpe haki yake, hakutabasamu. Akaenda kuwachukua wale wa kijivu. Depper alisikia bawaba za mlango, akainua kichwa, akaanza kutoka kama alivyozoea, kifua mbele, kola mpya inalia mikanda. Obed ilimbidi amshike kwa mikono miwili na kumzuia kwa uzito wake wote, kisigino kikiteleza kwenye mawe. Jike yule aligeuka akamtazama, haelewi.

"Ngoja, mama," Obed alimwambia, akificha uso shingoni mwake. "Ngoja. Leo tunatoka wa pili."